Jogoo wa Kikombozi

Sajenti Balbina Lihepa hakupenda kesi zenye kuku. Kesi ya ng'ombe ina alama, ina kwato za kufuata, ina mwenyewe anayelia kwa heshima. Kesi ya kuku ina manyoya na matusi ya majirani, basi. Kwa hiyo ile sauti iliyokuwa ikitoka kwenye simu ya Happyness Shilinde ilipofika kwenye neno "jogoo", Balbina aliweka kalamu mezani na kushusha pumzi.

"Rudisha nyuma," alisema. "Anzia mwanzo."

Happyness akarudisha. Alikuwa na duka la pembejeo karibu na soko la Ifakara, na mjini alijulikana kwa kupanga mambo: mbegu kwenye rafu, wadogo zake shuleni, baba yake kijijini Mchombe. Asubuhi hiyo alikuja kituoni amevaa kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani.

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume asiye na haraka.

"Hapa ni Tanga. Msukuma wenu tunaye. Tumemkamata na hatumwachii. Mkimtaka, aje binti yake mkubwa, yeye mwenyewe, na jogoo mweupe asiye na doa, na mchele wa kwenu. Apige magoti aombe. Mkichelewa msitulaumu."

Nyuma ya sauti kulikuwa na mvumo, kama mvua inayonyesha juu ya bati. Ng'ombe alilia. Kisha, kwa mbali, ukasikika mluzi mrefu unaopanda na kushuka. Hapo Happyness aliziba mdomo kwa kiganja.

"Huo mluzi ni wa baba."

"Una hakika?"

"Afande, nimekua nyuma ya mluzi huo. Ni wa kunyweshea. Kwetu ng'ombe wakifika majini unawapigia, wanakunywa mpaka wanatosheka." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini baba hapigi tena. Tangu mama afariki, mwaka juzi, ng'ombe wetu wanakunywa kimya kimya. Hajapiga mluzi, hajacheka. Sasa iweje awapigie watekaji?"

Mpelelezi asiye na jibu huuliza swali jingine. Balbina aliuliza mengi. Mzee Shilinde Masanja aliondoka Mchombe Jumatatu, akisema anakwenda Mkula kumtazama ng'ombe mgonjwa wa rafiki yake. Rafiki wa Mkula alipopigiwa alisema ng'ombe wake ni wazima na mzee hajamwona. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Namba iliyotuma ile sauti ilikuwa ngeni, na kila ikipigwa iliita mpaka ikachoka.

"Mzee ana simu ya aina gani?"

"Ya tochi. Anapiga na kupokea. Wasapu hajui hata kama ni chakula."

"Tanga mna ndugu?"

"Tanga hatuna hata adui." Happyness aliinama mbele. "Afande, jogoo mweupe ni wa kafara. Kila mtu anajua. Mama nilimzika sijamuaga, nilikuwa safarini. Baba simpotezi namna hiyo. Mdogo wangu Nickolaus naye kasema, tukimpata tu tunamrudisha Mchombe, na hatoki tena."

Balbina alimwonea huruma, akamwagizia chai. Lakini kitu kimoja kilimkereketa. Watekaji wa siku hizi wanataka pesa, tena kwa simu, tena upesi. Hawa walitaka kuku na mchele. Ama walikuwa wendawazimu, ama walikuwa na njaa.

"Mzee akija Ifakara hufikia wapi?" aliuliza.

"Kwangu. Na kwa Yusuf wa simu, pale stendi. Anakwenda kuchaji na kunywa kahawa."

* * *

Yusuf alikuwa na kibanda cha kuuza na kutengeneza simu, chembamba kiasi kwamba mteja akiingia na begi, mwingine husubiri nje. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, na alimkaribisha Balbina kwa maneno mazuri hadi alipomwona Happyness nyuma yake. Hapo maneno mazuri yakamwishia.

Balbina alisogea ndani. Alitazama ukuta, akatazama rafu, akatazama ubao wenye simu zinazochajiwa. Pembeni, mbali na waya, ilining'inia simu ya tochi iliyofungwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe.

"Hiyo ya baba!" alisema Happyness.

"Simu hii ya nani?" Balbina aliuliza.

"Ya mteja."

"Mteja yuko wapi?"

"Mkula."

"Mkula hayupo."

Yusuf alimtazama Happyness, akatazama dari. "Basi hayupo."

"Yusuf, kwenu wapi?"

"Hapa hapa. Nimezaliwa Ifakara, afande, mtaa wa pili tu."

"Na babu yako alitoka wapi?"

"Tanga," alisema Yusuf, na papo hapo akaona alivyojitia kitanzini. "Lakini Tanga ina watu wengi!"

Balbina alivuta kigoda akakaa. Alikuwa na namna yake ya kukaa iliyowafanya watu waone kwamba chakula cha mchana kitapita hapo hapo. Yusuf alivumilia kidogo, kisha akafunguka kama gunia la mpunga lililokatwa uzi.

Mzee alikuja kwake miezi kadhaa baada ya msiba, akataka simu ya kisasa. Kuandika hakuweza, lakini kuzungumza aliweza. Yusuf alimwingiza kwenye kundi la wasapu la wafugaji, la nchi nzima, na mzee akaanza kujibu maswali kwa sauti. Ndama anaharisha, ng'ombe kakataa kushika mimba, kwato zimeoza: kila mwenye shida alimwita Babu Dokta. Alikuwa hachapi hata herufi moja, wala hajawahi kuona sura ya mtu. Wote aliwajua kwa sauti zao. Wawili wakawa marafiki wa kila siku, Mtoro na mama mmoja anayeitwa Kudra, wote wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Tanga. Wakambembeleza aje aone bahari.

"Na simu hii ya tochi?"

"Aliniachia. Alisema, 'Watoto wakipiga wasinipate, watanirudisha njiani kama ndama aliyetoroka.'" Yusuf alimgeukia Happyness kwa upole. "Dada, alisema mlimkataza."

Happyness aliigusa ile simu ya tochi. Kisha alisema, kwa sauti ndogo, "Aliniambia mara moja anataka kuiona bahari. Yeye na mama walikuwa wakiizungumzia zamani. Nikamwambia, baba, bahari ya nini umri huu?"

"Alinunua kingine hapa?" Balbina aliuliza.

"Hapa hapana. Ila aliniuliza kaptula zinauzwa duka gani."

"Mzee Shilinde? Kaptula?"

"Nami nilishangaa, afande. Lakini hiyo sauti mliyotumiwa, nisikilizisheni. Mimi watu wa kule nawajua. Nikisikia maneno mawili tu..."

"Ushahidi hausikilizishwi mtuhumiwa."

"Mimi mtuhumiwa?"

"Mpaka nitakaposema vinginevyo. Usitoke mjini."

Yusuf alikunja uso, lakini alipiga namba mpya ya mzee, ikaita bila kupokelewa, kisha alifungua lile kundi kwenye simu yake na kumpa Balbina picha mbili za mwisho alizozituma mzee. Katika ya kwanza Mzee Shilinde alisimama kwenye ngazi za mawe, maji nyuma yake. Katika ya pili alisimama kwenye mdomo wa pango. Zote mbili alisimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, macho makali, na mkono wa mtu asiyeonekana ulimshika bega.

"Anaonekana kalazimishwa," alisema Balbina.

"Hapana," alisema Happyness. "Kwenye picha ya harusi yake pia kasimama hivyo hivyo."

* * *

Mkuu wa upelelezi alitoa ruhusa ya safari, akakataa posho ya jogoo. Jogoo alipatikana kwa mama Digna, jirani yake Happyness. Alikuwa mweupe pee, mwenye upanga mwekundu kichwani na dharau machoni. Walimweka kwenye kapu la ukindu, wakapanda basi pamoja naye na mfuko wa mchele mpya wa Mchombe. Jogoo aliwika Mikumi, akawika Chalinze, na Segera abiria mmoja akaomba kumnunua ili amchinje. Happyness aliweka kapu mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili. Kwake yeye lile kapu lilikuwa na uhai wa baba yake ndani.

Walilala Tanga, na asubuhi Balbina alijitambulisha kwanza kituo cha polisi cha mjini, kama utaratibu unavyotaka. Kisha walianza na picha ya ngazi za mawe. Mwenye bajaji aliitazama mara moja tu.

"Raskazone hiyo," alisema. "Twendeni."

Balbina alikuwa Mndamba, mtu wa maji. Kwao mtoto hujua kupiga kafi kabla hajajua kusoma, na maji makubwa aliyoyajua yalikuwa Kilombero wakati wa masika, mto unapomeza bonde. Alidhani bahari itakuwa hivyo, imezidi kidogo tu. Bajaji ilipokunja kona, maneno yakamkauka.

Happyness alishuka na kapu lake, akasimama. "Ng'ambo iko wapi?" aliuliza.

"Haipo," alisema Balbina. Akatikisa kichwa, akacheka bila kutaka. "Mungu wangu. Haipo kabisa."

Walisimama pale, mpelelezi na mwenye msiba wake, wakitabasamu kama wanafunzi waliotoroka shule. Jua lilikuwa limepanda, vijana walikuwa wakijirusha majini kutoka ukutani, na upepo ulikuwa na harufu ambayo bondeni haipo. Balbina ndiye aliyekumbuka kazi kwanza. Tena alikumbushwa na masikio.

"Nipe simu," alisema. "Cheza ile sauti."

Happyness aliicheza. Balbina alisikiliza mvumo ule, kisha akasogeza simu mbali na sikio, akasikiliza maji yanayopanda ufukweni na kurudi. Akarudia.

"Siyo mvua," alisema. "Tulisema ni mvua kwa sababu sisi kwetu kinachovuma hivyo ni mvua juu ya bati. Ni bahari hii. Baba yako alikuwa kando ya bahari, penye ng'ombe."

"Ng'ombe gani wako baharini?"

"Hilo ndilo la kutafuta. Na jambo jingine, Happyness. Mluzi ni wa kunyweshea. Mtu aliyefungwa kamba hanyweshi ng'ombe."

Happyness alimtazama kwa matumaini yaliyojaa woga.

Kwenye kivuli cha mkungu kulikuwa na mwanamke anayeuza mihogo ya kukaanga na pilipili. Balbina alinunua ili apate kuuliza, akamwonyesha picha.

"Huyo mzee!" alisema muuza mihogo. "Mrefu, ana fimbo. Si aliingia majini na viatu! Kachota kiganja, kanywa, katema. Kaniambia, 'Mama, maji yenu yameharibika, kuna mtu kamwaga chumvi.'"

"Alikuwa na nani?"

"Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Walikuwa wamemshika, huyu huku, huyu huku."

"Kwa nguvu?"

"Kwa mikono," alisema yule mwanamke, akashangaa swali. "Wakasema wanampeleka Amboni akaone mapango."

* * *

Mwongoza wageni wa mapango ya Amboni alikuwa kijana mchangamfu mwenye tochi kubwa. Alikuja kuwapokea mlangoni huku akianza hotuba yake ya kila siku, ya popo na ya njia zisizo na mwisho. Kisha macho yake yalimwangukia Happyness: urefu wake, namna alivyobeba kapu, na kichwa cheupe cha jogoo kilichochomoza kwenye ukindu. Akasahau hotuba.

"Dada," alisema, "wewe Msukuma?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Kijana aliegemea mwamba akacheka hadi tochi ikamponyoka. "Msukuma na jogoo mweupe! Jamani! Nani kamteka ndugu yako?"

Balbina alishamshika mkono wa shati kabla kicheko hakijaisha. "Polisi," alisema. "Umejuaje habari ya utekaji?"

"Taratibu, dada, shati la kazi hilo! Mimi Mzigua."

"Mzigua ndiyo nini?"

"Ndiyo mtani wake huyu! Babu zao walipita kwetu wakienda pwani na mizigo kichwani, sisi tukawazuia njiani, tukawanyang'anya, tukawatukana, tukala nao. Tangu hapo Msukuma akiingia kwetu ni mali yetu. Tunamkamata. Ndugu zake wakimtaka, waje na kuku. Mweupe, wa amani. Na wapige magoti, maana Wasukuma warefu mno, tunachoka shingo."

Balbina alimwachia shati. Akatafuta jiwe la kukalia, akalipata.

Utani! Kwao Mahutanga, alipokuwa mtoto, watani wa ukoo waliruka ndani ya kaburi la bibi yake, wakalala humo na kukataa kutoka mpaka wapewe kuku. Yeye alilia akidhani wanaiba kaburi, na watu wazima wote, waliokuwa wakilia tangu asubuhi, walianza kucheka. Alilijua jambo hilo kama anavyojua jina lake. Lakini watani aliowajua ni wa kwao, na hii ilikuwa sauti ngeni kutoka mkoa mgeni, naye alikuwa amevaa ukachero. Akapanga yote upya kichwani: hawakutaka pesa, hawakutaja mahali pa siri, walitaka binti aje, siyo kutuma. Namba ya Happyness walipewa na mzee mwenyewe. Kila kitu kilikuwa wazi tangu mwanzo kwa mtu ambaye angejua nani ni mtani wa nani.

Na mtu huyo alikuwepo Ifakara, ndani ya kibanda chembamba, akiomba kusikia maneno mawili tu. "Yusuf wa watu," alisema Balbina kwa sauti, akashika kichwa.

Happyness hakucheka. Alikuwa amesimama na kapu, na uso umemwiva.

"Utani?" alisema. "Sijala, sijalala, nimefikiria mambo ya kutisha juu ya baba yangu, kumbe utani? Nikiwaona nitawatukana!"

"Watukane," alisema mwongoza wageni, kwa furaha kubwa. "Ndivyo inavyotakiwa."

"Kwa nini baba hakuniambia tuna watani huku?"

"Mlipohamia kwetu mlikuja na ng'ombe," Balbina alimwambia, "watani mkawaacha njiani. Wewe umezaliwa Mchombe, ungewajulia wapi?" Akainuka, akajipangusa. "Haya. Utani au si utani, mzee sijamwona kwa macho yangu. Kesi haifungwi kwa kicheko. Kijana, mji huu ng'ombe wanafugwa wapi kando ya bahari? Mwenyewe anaitwa Mtoro."

"Mtoro wa Mwambani! Ungeanza na hilo."

* * *

Waliusikia mluzi kabla hawajaona nyumba.

Ulitoka nyuma ya ua wa makuti, ukapanda, ukashuka, ukajivuta. Happyness alisimama njiani. Balbina alidhani atakimbia, lakini hakukimbia. Alisimama akisikiliza, mkono mmoja kwenye kapu, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

Balbina alichungulia juu ya ua. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wamejipanga kwenye birika, vichwa chini, wakinywa kwa utulivu. Mbele yao alisimama mzee mrefu mwenye fimbo begani na kaptula ya maua mekundu, na miguu yake, ambayo pengine haikuwa imeona jua tangu ujana, iling'aa kwa mafuta. Nyuma yake ilikuwa bahari yote.

"Nani anachungulia bila hodi?"

Ilikuwa ile sauti, nzito, isiyo na haraka. Balbina aligeuka akiwa tayari kukutana na jitu. Mwenye sauti alikuwa mtu mwembamba, mwenye ndevu mbili tatu, asiyemfika begani.

"Polisi," alisema Balbina. "Kutoka Ifakara. Wewe ndiye Mtoro?"

"Ndiye. Mmeleta jogoo?"

"Namba yako imepigwa tangu juzi. Kwa nini hupokei?"

"Tangu lini mtekaji akapokea simu?" alisema Mtoro, akaonekana kuumizwa na swali.

Mwanamke mnene aliyejifunga kanga mbili alitoka jikoni akifuta mikono, akawatazama wageni, akaona macho ya Happyness, na uso wake ukabadilika.

"We Mtoro! Mtoto kalia! Nilikwambia umwambie mwishoni kwamba ni utani!" Akamkumbatia Happyness pamoja na kapu. "Mwanangu, mimi Kudra. Tusamehe. Baba yako alituambia utacheka. Alisema, 'Happyness wangu anajua kila kitu.'"

Akawakalisha jamvini, akawamiminia chai ya maziwa, na hadithi ikatoka. Siku mzee aliposhuka stendi, walimtambua kwa fimbo, wakamkimbilia. Yeye akawazuia kwa kiganja, akafumba macho katikati ya stendi na kelele zake zote. Akawaambia, "Semeni kwanza, niwajue." Mtoro akasema shikamoo, naye akasema huyu Mtoro, mwenye ng'ombe aliyekataa kulala chini. Kudra akasema karibu, naye akasema huyu Kudra, ana mafua bado. Ndipo akafumbua macho na kuwaona kwa mara ya kwanza.

"Walikuwa hawajaulizana kabila," Kudra aliendelea. "Kwenye simu ni ng'ombe tu. Ndiyo Mtoro kujua kuwa huyu Msukuma, akamwita mchunga fisi, pale pale. Mzee akanyamaza. Nikasema, ameshamkasirisha mgeni. Kumbe anatafuta jibu! Kasema, 'Wazigua mnafuga wa maziwa kwa sababu wa nyama mngemla kabla hajasimama.' Akacheka yeye mwenyewe mpaka akakaa chini, stendi, na begi lake."

"Baba alicheka?" Happyness aliuliza.

"Kwani huwa hacheki?" alisema Kudra. "Sisi tunamwomba apunguze, majirani wanalalamika."

Mluzi ulikoma. Ng'ombe walikuwa wametosheka. Mzee Shilinde alikuja akizunguka birika, akawaona, akajiangalia ile kaptula, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana mwenye hofu.

"Shikamoo, baba," alisema Happyness.

"Marahaba, mwanangu." Akasugua fimbo. "Nilitaka kuiona. Mama yako na mimi tulisema tutaiona. Niliogopa ukinikataza mara ya pili nitakutii."

Happyness alipiga hatua kumwelekea. Na wakati huo huo simu yake ikaita. Alikuwa Nickolaus, mdogo wake, kutoka Mchombe. Aliipokea, na kwa sababu Nickolaus husema na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, kila mtu pale alisikia.

"Dada! Umempata? Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mpandishe basi leo leo! Na hiyo simu yake mnyang'anye, ndiyo iliyomponza!"

Mzee Shilinde alitazama chini. Mkono wake uliingia mfukoni mwa kaptula polepole, ukatoka na simu, akamnyoshea binti yake.

Happyness aliitazama ile simu. Hakuichukua. Alimwambia Nickolaus asubiri, akaweka yake chini, na akalifungua kapu. Akamtoa jogoo, akampangusa manyoya, akampigia Mtoro magoti mchangani na mfuko wa mchele kando yake.

"Nimekuja kumkomboa baba yangu," alisema. "Jogoo huyu hapa. Mchele huu hapa. Naomba."

Mtoro alimpokea jogoo kwa heshima zote. Akamgeuza huku, akamgeuza kule, akamwinua bawa, akaona vumbi la Segera.

"Ana doa," alisema. "Hatumtoi."

Kudra alimpiga kofi la bega. Balbina aliinuka nusu. Lakini Happyness alikuwa amekwisha simama, anapangusa magoti, na macho yake yalikuwa ya yule mwanamke anayepanga mambo.

"Vizuri," alisema. "Basi kaeni naye mpaka jogoo atakate. Lakini sikilizeni, enyi wezi wa Kizigua, baba yangu nimemkuta ana mluzi. Mkimrudisha bila mluzi, nitakuja na kituo kizima cha Ifakara, na nyinyi mtapiga magoti, japo kwa ufupi wenu hatutaona tofauti!"

Mtoro alijitupa chini mchangani, jogoo mikononi, akigaragara kwa kicheko. Kudra alipiga vigelegele. Mzee Shilinde alitupa fimbo, akarusha mikono juu.

"Wabeja, mwanangu!" alipaza sauti, akamshukuru kwa lugha yao. "Wabeja! Umemweza!"

Akacheka, na kicheko kile kilikuwa kikubwa, cha kifuani, kikuukuu kidogo kwa kukaa bila kutumika. Balbina hakuwahi kumjua mzee huyu kabla ya siku ile, lakini alifurahi kana kwamba ni baba yake.

Alitoka pembeni akampigia Yusuf. "Wewe si mtuhumiwa tena," alimwambia.

"Nashukuru, afande. Sasa naweza kusikia ile sauti?"

"Nakutumia. Lakini ukicheka, usinipigie."

Aliporudi, ng'ombe wa mwisho, mtamba mwekundu aliyechelewa, alikuwa anaelekea kwenye birika. Mzee aliokota fimbo, akamfuata, akaanza kumpigia. Happyness alikumbuka simu aliyoiacha jamvini. Nickolaus alikuwa bado anapiga kelele, anauliza nini kinaendelea, nani anacheka, basi ni la saa ngapi.

"Nyamaza," Happyness alimwambia. "Sikiliza."

Akainyosha simu kuelekea birika. Mluzi ulipanda, ukashuka, ukajivuta juu ya mvumo wa bahari, na mtamba akainamisha kichwa akanywa. Upande wa pili, Mchombe, kulikuwa kimya. Kimya kile kilidumu mpaka ng'ombe akatosheka.

"Dada," alisema Nickolaus hatimaye, na safari hii hakupaza sauti. "Huyo ni baba?"

"Ndiye."

Walimsikia akivuta pumzi.

"Mwache," alisema. "Mwache amalize. Huku nitawanywesha mimi."